Nani Achague Kwanza: Samaki, Migodi na Mabeki wa Ziwa Mweru

Mashabiki wanapobishana ni kijana gani asajiliwe, hubishana juu ya kijana mwenyewe: kimo chake, mbio zake, ukali wake, moyo wake. Swali la nani amepewa zamu ya kwanza ya kuchagua huwa limekwisha kujibiwa kabla ubishi haujaanza. Wamarekani wameliwekea sheria. Mwaka 1935 Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, timu ya mpira wa Kimarekani iliyokuwa ikifungwa mfululizo, aliwashawishi wenzake kwamba wachezaji wanaotoka vyuo vikuu wagawanywe kwa zamu, na timu iliyoshika mkia ichague kabla ya zote. Uteuzi wa kwanza ukafanyika Februari 1936. Miaka 70 baadaye, zamu hiyo ya mbele iliwaangukia Houston Texans, waliotoka kushinda mechi 2 tu kati ya 16. Mashabiki wengi walimtaka Reggie Bush, mkimbiaji wa kutisha, au Vince Young, mtoto wa Houston yenyewe. Viongozi wakamchukua Mario Williams, jitu la kusimama ukingoni mwa safu ya ulinzi, ambaye kazi yake ni kuupenya ukuta wa wapinzani na kumwangusha mrusha mpira. Watu wakazomea. Lakini hata aliyezomea alijua kwamba timu yake, kwa sababu ilikuwa dhaifu, ilikuwa na haki ya kutangulia.

Katika ufuko wa Ziwa Mweru upande wa Zambia, kuanzia Nchelenge na Kashikishi hadi mdomo wa Mto Luapula, ubishi wa nani ni beki wa kweli una moto uleule, ila historia ya zamu imekwenda kinyume. Kwa zaidi ya miaka 100, vijana wa ufuko huu wamechaguliwa na aliye na nguvu kuliko wote, naye amechagua kwanza. Ninadai kwamba soka halikuanzisha mtindo huo. Liliukuta umekwisha kuchongwa na migodi na biashara ya samaki, likapita mulemule. Ndiyo maana mtu anayetaka kujua kwa nini beki mzuri wa Luapula huishia Kitwe au Lubumbashi hana budi kuanzia mbali na uwanja wa mpira.

Mwaka 1894 Uingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji walikubaliana mpaka uliopita katikati ya ziwa na mto, ukawagawa watu waliokuwa wakivua maji mamoja. Union Minière, kampuni ya shaba ya Katanga upande wa Kongo, ilianzishwa mwaka 1906, na mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ukafuata mwaka 1910. Shaba ilihitaji mikono. Kampuni ya Robert Williams ilitumwa kuwatafuta vibarua Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, na bonde la Luapula lilikuwa karibu na migodi ya Katanga kuliko sehemu nyingi za koloni hilo. Kijana alipimwa na daktari, akatazamwa kifua na misuli, akakubaliwa au kurudishwa kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Copperbelt, ukanda wa shaba wa upande wa Waingereza, ilipoamka, nayo ikawavuta watu kutoka Luapula na nchi ya Wabemba, kwa wingi uliofanya Kibemba kiwe lugha ya mitaa ya migodi yote. Hapo ndipo mpira ulipoota. Migodi iliwajengea wafanyakazi viwanja na kulea timu, na majina makubwa ya soka la Zambia yakawa ya miji ya shaba: Mufulira Wanderers, Nchanga Rangers, Roan United, na Rhokana United iliyokuja kuitwa Nkana. Kijana mwenye kipaji alipata kazi mgodini kwa sababu ya mpira, na mpira kwa sababu ya mgodi.

Ziwa nalo lilikuwa likiulisha mgodi. Wafanyabiashara Wagiriki walijikita Kasenga, upande wa Kongo, wakanunua samaki wa Mweru na Luapula na kuwapeleka kwenye midomo ya wachimbaji wa Katanga. Samaki aliyeteseka zaidi ni mpumbu, ambaye wakati wa mvua hupanda mto kwenda kutaga. Nyavu zilimngoja njiani akiwa na mayai tumboni, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Pale, jamaa wa perege, akabaki kuwa ndiye fedha ya ufuko, na miaka mingi baadaye chisense, aliye mithili ya dagaa, akachukua sehemu yake kwa taa za usiku. Nimemtaja mpumbu kwa makusudi. Mnunuzi wa mbali huona kilo. Mtu wa ufukoni huona msimu ujao. Anayechagua bila kuishi na matokeo ya chaguo lake huchukua kilicho bora mapema kadiri awezavyo.

Biashara hiyo ya samaki imeunganika na soka kwa mnyororo unaoonekana kabisa. Miongoni mwa walioingia katika biashara ya samaki wa Luapula alikuwa Nissim Soriano, Myahudi kutoka kisiwa cha Rhodes. Mwanawe, Moïse Katumbi, aliyezaliwa mwaka 1964, alikulia Kashobwe kando ya mto huo, na mwenyewe alipata kuuza samaki kabla ya utajiri wa madini na usafirishaji. Mwaka 1997 akawa rais wa TP Mazembe, klabu iliyoanzishwa na wamisionari Wabenediktini mwaka 1939, ambayo kwa jina la Englebert ilikuwa imetwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968. Chini yake Mazembe ilirudi kileleni mwaka 2009, 2010 na 2015, na Desemba 2010 ikacheza fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu dhidi ya Inter Milan. Klabu hiyo ilivuka mpaka kuchagua wachezaji kama vile migodi ilivyovuka mpaka kuchagua vibarua. Tarehe 12 Februari 2012, Zambia ilipochukua Kombe la Afrika mjini Libreville kwa penalti 8 kwa 7 dhidi ya Côte d'Ivoire, waliokuwa wachezaji wa Mazembe katika kikosi hicho ni pamoja na Rainford Kalaba na mabeki wawili, Hichani Himoonde na Stoppila Sunzu. Penalti ya mwisho ilipigwa na Sunzu, beki wa kati. Taifa zima lilimshangilia beki aliyekuwa akilipwa mshahara wake Lubumbashi.

Mtu anaweza kuniuliza: ubaya uko wapi? Mazembe iliwapa Wazambia hao mechi kubwa za bara, mazoezi mazuri na mshahara wa maana, na Zambia ikavuna kombe. Nakubali yote hayo. Hata ningeongeza kwamba mwaka 1974, Zaire, yaani Kongo ya leo, ilipoifunga Zambia 2–0 katika marudio ya fainali ya Afrika mjini Cairo, hakuna aliyeota kwamba siku moja klabu ya Lubumbashi ingesaidia kuwaandaa mabingwa wa Zambia. Lakini faida ya mchezaji na faida ya taifa haziwi faida ya mahali alipolelewa mchezaji. Mgodi ulimlipa kibarua, naye akatuma pesa nyumbani. Hilo halikuifanya Nchelenge iwe na mgodi. Uwanja wa kisasa wa Mazembe ulifunguliwa mwaka 2011 mjini Lubumbashi, mahali ambapo wateule hukusanyika. Ufuko haukugawiwa nyasi hata kipande.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba nyota wa Zambia ni watoto wa Copperbelt, si wa ziwani. Godfrey Chitalu alizaliwa Luanshya, Kalusha Bwalya Mufulira, Sunzu Chililabombwe. Orodha ya mahali pa kuzaliwa ni ushahidi, ila yafaa tuulize inashuhudia nini. Mji wa mgodi uliotokana na wahamiaji lazima uzae watoto ambao vyeti vyao vinataja mgodi na si kijiji cha babu. Sidai kwamba wachezaji hao watatu ni wa Luapula. Kwao sina haja ya ukoo. Nasema kwamba orodha inayoanza kuhesabu baada ya watu kuhama haiwezi kutumika kuthibitisha kwamba kule walikohama hapakuwa na vipaji. Inaonyesha tu viwanja, makocha na macho ya wachaguaji viliwekwa wapi.

Ufuko huu wenyewe una kumbukumbu ya zamani kuhusu deni la anayepokea. Masimulizi ya Luapula yanasema mtawala Nkuba alimuua mtoto wa dada yake, Nachituti. Mama huyo akaenda kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, kuomba kisasi, na Nkuba alipouawa, Nachituti akamkabidhi Mwata nchi na maji kwa kikapu cha udongo na chungu cha maji. Utawala wa Walunda bondeni husimuliwa kwa hadithi hiyo. Mimi naisoma kama hadithi ya mapatano: kuna aliyetoa, jina lake halisahauliki, na aliyepokea hawezi kujifanya alikuta kitu kisicho na mwenyewe. Kibarua wa 1920 hakuandikwa hivyo, wala beki aliyeokotwa uwanja wa mchanga.

Soka la dunia, kwa kuchelewa, limekuja na kanuni inayofanana na hiyo. Tangu mwaka 2001 FIFA inaagiza kwamba mchezaji anaponunuliwa na klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei igawanywe kwa vilabu vilivyomlea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23: robo ya asilimia kwa kila msimu wa miaka minne ya kwanza, nusu asilimia kwa kila msimu unaofuata. Klabu ya ufukoni iliyomlea beki tangu akiwa na miaka 12 hadi msimu wa miaka 17 ingedai asilimia 2. Akiuzwa kwa dola 1,000,000, hizo ni dola 20,000, fedha nzito kwa timu inayosafiri kwa basi la kukodi. Hii haiwi zamu ya kwanza aliyoitaka Bert Bell kwa wanyonge, maana tajiri bado huchagua mbele. Walau kanuni hii humlazimisha kulitaja jina la aliyetoa.

Ila kanuni hiyo husoma karatasi. Wilaya ya Nchelenge ina timu kama Kashikishi Warriors, ambayo wachaguaji wanaweza kuja kuitazama nyumbani kwake, na klabu ya ligi huwa na kadi za usajili. Timu za vijana zinazocheza jioni kando ya vichanja vya chisense mara nyingi hazina. Mvulana wa miaka 12 anayejifunza kukaba pale bila kuandikwa popote atakuwa, mbele ya sheria, amelelewa na klabu ya kwanza itakayomwandika, na miaka yake ya ufukoni itahesabiwa sifuri.