Mbweni: Kijiji cha Wakulima Kilichogeuka Mtaa wa Matajiri



Mtu atokaye Mji Mkongwe wa Unguja kwenda kusini kwa njia ya pwani hupita Mnazi Mmoja, Kilimani na Mazizini, na baada ya mwendo wa maili nne hivi hufika Mbweni. Leo mahali hapo pajulikana kuwa ni pa watu wenye mali. Nyumba ni kubwa, kuta zake ni ndefu, na bustani zimetunzwa vizuri. Mgeni aionapo fahari ile hudhani kwamba Mbweni ilijengwa tangu mwanzo kwa ajili ya wakubwa. Sivyo hata kidogo. Walioanza kijiji kile walikuwa wakulima maskini, na wengi wao walikuwa wamepata kutiwa bei kama mbuzi.

Zamani hizo soko la watumwa lilikuwa Mkunazini, katikati ya mji. Manowari za Waingereza zilivizia majahazi baharini, na watu waliokutwa wamefichwa ndani walitolewa wakawa huru. Lakini uhuru peke yake haumshibishi mtu. Wengi walitoka mbali sana, hata pande za Ziwa Nyasa. Watoto hawakuijua tena njia ya kwao, na mtu mzima akijaribu kurudi peke yake aliweza kukamatwa njiani na kuuzwa mara ya pili. Methali yasema, mwacha asili ni mtumwa. Watu hawa hawakuiacha asili yao kwa hiari, bali walinyang'anywa.

Katika mwaka wa 1864 Sayyid Majid alimpa Askofu Tozer wavulana watano waliotolewa katika jahazi, nao wakawa wanafunzi wa kwanza wa misheni yake hapa Unguja. Idadi ikazidi mwaka hata mwaka. Wavulana walisomeshwa Kiungani, lakini watu wazima na wasichana walihitaji mahali pao. Ndipo mwaka wa 1871 misheni iliponunua shamba huko Mbweni. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, ilipiga tufani kubwa iliyoangusha mikarafuu na minazi mingi ya kisiwa. Hata hivyo kazi haikuachwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa, na watu waliookolewa baharini wakaendelea kuletwa.

Basi Mbweni ikawa kijiji. Waliokuja walijenga vibanda, wakalima, wakafanya na kazi za ujira katika shamba la misheni. Mume na mke waliweza kukaa pamoja bila ya hofu kwamba kesho mmoja wao atauzwa. Jambo hili kwetu laonekana dogo, lakini kwa aliyewahi kutenganishwa na mama yake kwa bei ya kitambaa, lilikuwa kubwa kupita yote.

Palikuwa pia na shule ya wasichana, na mwaka wa 1877 alikuja Bi Caroline Thackeray kuisimamia. Alikaa kazini hata mwaka wa 1902, na alipostaafu hakurudi kwao Uingereza. Alifariki mwaka wa 1926 akazikwa papo hapo Mbweni.

Kijiji hiki hakikufanya kazi kwa ajili yake peke yake. Mwaka wa 1876 Askofu Steere alichukua watu zaidi ya hamsini wa Mbweni, akavuka nao bara ili wakaribie nchi walizotoka. Wakafika Masasi, wakaiona ardhi kuwa njema, wakajenga huko. Tena Cecil Majaliwa, aliyetolewa utumwani akiwa mtoto, alisomea Kiungani, akafanya kazi Mbweni, kisha akaenda bara. Mwaka wa 1890 akawa padre wa kwanza Mwafrika katika misheni ile.

Sasa tuangalie mabadiliko yalivyoanza. Bahari na upepo uliowaburudisha wakulima uliwavuta wakubwa pia. Balozi wa Waingereza, John Kirk, aliyekuwa amesafiri na Livingstone katika mto Zambezi, alijenga nyumba karibu ya pwani, akapanda miti ya nchi nyingi, kwa kuwa alikuwa mjuzi wa mimea. Miaka ikapita. Sheria ya mwaka wa 1897 iliondoa hali ya utumwa katika Unguja na Pemba. Shule ya wasichana ikahama, na majengo yake yakawa magofu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka wa 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya Serikali. Mji ulipokua ukafika mpaka Mbweni, zikajengwa nyumba za fahari, na magofu yale yakaingia katika kiwanja cha hoteli.

Hali kama hii yaonekana Mombasa pia. Freretown ilianzishwa mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa namna hiyo hiyo, na leo imepakana na Nyali, mtaa wa matajiri wenye sifa.

Hapa pana fundisho la kufikiriwa. Mkulima wa Mbweni alikuwa na jembe lake na mavuno yake, lakini ardhi ilikuwa ya misheni, na aliyekaa juu yake alipaswa kufuata kanuni za misheni. Jasho lilikuwa lake, hati haikuwa yake. Kwa hiyo bei ya ardhi ilipopanda, faida haikuwa lazima iwafikie wajukuu wa waliofyeka.

Kanisa la Mtakatifu Yohana lingali limesimama, na makaburi yako karibu yake. Enyi wanafunzi, mkipita huko msitazame nyumba kubwa tu. Ingieni makaburini kwa adabu, kisha rudini nyumbani mkawaulize wazee wenu: kijiji chetu kilianzwa na nani, nao walitoka wapi? Andikeni majibu yao, kwa maana mzee akifa bila kuulizwa, huenda na habari zake.