Ufa na Ukuta: Historia ya Ujenzi na Matengenezo ya Nyumba katika Pwani ya Mtwara



Methali isemayo "usipoziba ufa utajenga ukuta" tumeifundisha madarasani kwa miaka mingi kama onyo la tabia. Tunaitolea mfano wa mtoto asiyekanywa mapema, au wa deni linaloachwa likakua. Ni mara chache tumeuliza swali ambalo fundi mwashi angeliuliza kwanza: huo ni ufa wa ukuta gani, nao unazibwa kwa kitu gani? Jioni hii nakusudia kulijibu swali hilo kwa kuitazama pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi maingilio ya Mto Ruvuma.

Hoja yangu ni hii. Katika pwani hiyo nyumba haijawahi kuwa kitu kinachokamilika siku moja. Imekuwa kazi ya kutengenezwa na kutengenezwa tena, aghalabu kwa mikono ya mwenyewe na jirani zake. Maarifa ya kazi hiyo yamehifadhiwa katika maneno. Neno linapobadili maana au kusahauliwa, mwenye nyumba huweza kuziba ufa kwa kitu kisichoupasa, na kwa kufanya hivyo akauangusha ukuta uleule aliotaka kuuokoa.

Miti na udongo

Tuanze na nyumba iliyo ya kale zaidi na iliyoenea zaidi, yaani nyumba ya miti na udongo. Ujenzi wake wajulikana: mashimo huchimbwa, nguzo husimamishwa, fito hufungwa kwa kamba, kisha kiambaza hukandikwa kwa udongo na paa kuezekwa kwa makuti au nyasi. Baada ya kukandika hufuata kusiriba, yaani kuupaka ukuta udongo laini ili nyufa za mkauko zizibike na uso wake uwe sawa.

Tuzingatie kwamba Kiswahili kina vitenzi viwili hapa, si kimoja. Kukandika ni kujenga. Kusiriba ni kumalizia na kutengeneza, nayo ni kazi inayorudiwa kila ukuta unapochakaa. Mchwa hula nguzo, mvua hulowesha mguu wa ukuta, na kabla ya mvua nyingine kuanza mwenye nyumba huchota udongo na kurudi kazini. Udongo wa kutengenezea hutoka palepale ulipotoka udongo wa kujengea. Ufa na kizibo chake ni jamaa moja. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya matengenezo, nayo tutaihitaji mbele ya safari.

Mawe na chokaa

Kando ya nyumba hizo, miji ya pwani ilijenga kwa mawe. Kusini mwa Tanzania kielelezo kikuu ni Kilwa Kisiwani, ambayo pamoja na Songo Mnara iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Lakini hata Kilwa haikuwa mji wa mawe matupu. Ibn Battuta, aliyefika huko mwaka 1331, anazitaja katika maandishi yake nyumba zilizojengwa kwa mbao. Jiwe, mti na udongo vilikaa pamoja katika mji mmoja, kama vinavyokaa pamoja Mikindani hadi leo.

Mikindani ilistawi katika karne ya 19 kwa biashara ya pembe za ndovu, sandarusi na watumwa. Nyumba zake za mawe, zikiwemo zile za ghorofa zenye roshani za mbao, ni mabaki ya ustawi huo, na hatuna budi kukumbuka kwamba mkono uliobeba mawe haukuwa siku zote mkono wa mwenye nyumba. Kuta zake ni nene. Zimejengwa kwa matumbawe, yaani mawe yaliyotokana na viumbe wa baharini, na kuunganishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo.

Chokaa hiyo ilipatikana hivi. Magogo yalipangwa kwa duara, vipande vya matumbawe vikarundikwa juu yake, kisha moto ukawashwa. Joto kali hulifukuza hewa ya ukaa kutoka katika jiwe. Kinachobaki huzimwa kwa maji, huachwa kipoe na kulainika, kisha huchanganywa na mchanga. Chokaa ikishapakwa ukutani huivuta tena ile hewa ya ukaa polepole na kurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo ukuta wa chokaa haugandi kwa siku moja. Hukomaa kwa miaka mingi, na muda wote huo hupitisha unyevu, ukiunywa wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua.

Mti nao ulikuwa na sheria yake. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti huhimili urefu wa kadiri tu, upana wa chumba haukuzidi sana mita tatu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti yalipangwa mawe madogo, kisha ikamiminwa chokaa na kushindiliwa mpaka ikawa bamba moja gumu. Bamba hilo liliitwa sakafu.

Maneno yaliyohama

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu neno hili lina historia ndani yake. Sakafu latokana na Kiarabu, ambamo mzizi wake humaanisha paa. Katika Kiswahili cha leo sakafu ni kile tunachokikanyaga. Neno limetokaje juu ya kichwa likafika chini ya miguu? Jibu limo katika jengo lenyewe. Katika nyumba ya ghorofa bamba la chokaa ni paa kwa aliye chini na ni uwanja kwa aliye juu. Msemaji wa Kiswahili hakukosea. Aliangalia kitu kilekile kutoka upande wa pili. Kamusi ikitupa maana ya leo pekee, inatupokonya ghorofa nzima.

Neno la pili ni saruji. Wengi wetu tukilisikia tunauona mfuko wa karatasi wenye kilo 50. Lakini saruji ni neno lenye asili ya Kiajemi, nalo ni kongwe kuliko kiwanda chochote cha simenti. Lilitaja mchanganyiko wa kujengea usiopitisha maji kwa urahisi, na huko Oman neno hilohilo lingali jina la lipu ya udongo uliochomwa, ambayo hutumiwa katika mifereji ya aflaji na katika ngome. Kiswahili kilipokutana na unga mpya wa viwandani, kiliupa unga huo jina la kale. Faida yake ni kwamba hatukukosa neno. Hasara yake ni kwamba sasa jina moja linafunika vitu viwili vyenye tabia tofauti. Mjukuu akiambiwa kwamba ukuta wa babu ulijengwa kwa mawe na saruji, ana haki ya kwenda dukani kununua mfuko.

Udongo ulaya

Mjini Mtwara wenyewe zege lilikuja na bandari. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulihitaji gati la kina kirefu na reli ya kuelekea Nachingwea. Karanga hazikupatikana kama ilivyotarajiwa, lakini bandari ilijengwa, na mji mpya ukaota kando yake huku Mikindani ikipoteza hadhi yake ya zamani.

Saruji ya viwandani ilikuwa bidhaa ya kutoka mbali, na watu waliiita udongo ulaya. Hata baada ya kiwanda cha Wazo Hill kuanza uzalishaji mwaka 1966, fikra hiyo haikufutika. Mwalimu Julius Nyerere, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka 1977, alilalamikia jambo hili hasa: kwamba watu walikataa kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae, wakaendelea kungoja bati na udongo ulaya. Kwake huo ulikuwa ni ugonjwa wa fikra, si wa mfuko.

Historia ina kejeli zake. Mwaka 2015 kiwanda cha saruji cha Dangote kilizinduliwa Msijute, katika Mtwara Vijijini, kikitumia mawe ya chokaa ya mkoa uleule. Udongo ulaya ukawa udongo wa nyumbani. Aliyesubiri miaka mingi sasa aliweza, baada ya kuuza korosho zake, kununua mifuko michache, kufyatua matofali uwanjani pake, na msimu uliofuata akaongeza kozi nyingine. Nyumba hujengwa kwa awamu: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, bati Mungu akijalia. Kuta zilizosimama bila paa mafundi huziita boma, neno lilelile linalotaja ngome ya Wajerumani iliyojengwa Mikindani mwaka 1895. Sidhani kama ni sadfa ya kupuuzwa. Lililokuwa jina la jengo la dola leo ni jina la tumaini la mkulima.

Kwa hiyo sisemi kwamba saruji ni adui. Imempa mtu wa kawaida ukuta usioliwa na mchwa. Mashaka yanaanza inapopelekwa mahali isipopaswa.

Kizibo kisicho jamaa ya ukuta

Mwenye nyumba ya kale ya matumbawe anaona ufa, au anaona lipu ya chokaa inapukutika. Kwa nia njema kabisa anapiga lipu ya saruji, ngumu na laini. Mwaka wa kwanza ukuta unapendeza. Lakini unyevu wenye chumvi unaendelea kupanda kutoka ardhini, na sasa hauna pa kutokea. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kugeuka fuwele, fuwele huvimba, na siku moja lipu hubanduka kwa vipande vikubwa, ikiondoka na uso wa jiwe. Juu, ncha za boriti zilizofungiwa ndani ya ukuta usiokauka huanza kuoza. Ufa umezibwa, na ukuta unaanguka kwa sababu hiyo.

Hili si jambo la Mikindani pekee. Wahifadhi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wamelikabili kwa miongo kadhaa. Wala si jambo lisilo na dawa. Boma la Mikindani lilikuwa gofu kabla ya kukarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 chini ya shirika la Trade Aid la Uingereza na kufanywa hoteli. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yaliondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya uimarishaji. Lakini majengo hayo yalipata fedha na wataalamu. Nyumba ya mjane mwenye vyumba vitatu haina mfadhili. Ina mwenyewe tu, pamoja na lile analolijua.

Wala tusijidanganye kwamba kurudi katika chokaa hakuna gharama. Kila tanuri limekula miamba ya bahari na kuni nyingi, na kila dari imekula mikoko. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, ipo kulinda mambo hayohayo. Samaki wa kesho hawezi kuchomwa ili ukuta wa jana upone. Hata hivyo, chokaa haihitaji tumbawe hai. Mawe ya chokaa ya nchi kavu yapo tele, na kuziba ufa hakuhitaji tanuri zima. Huhitaji debe moja la chokaa iliyozimwa vizuri na mtu ajuaye kuichanganya.

Hitimisho

Mtu huyo ajuaye ndiye ninayemhofia kuliko jiwe. Anapoondoka, anaondoka na niru, ile chokaa laini ya kumalizia ukuta. Anaondoka na mfaa na mwimo wa mlango, na kusakifu kama kitenzi cha kazi badala ya ingizo la kamusi. Sisi wa taaluma za Kiswahili tumezoea kukusanya maneno tukiwa tumeketi barazani. Napendekeza tuyakusanye tumesimama kando ya ukuta, mwiko ukiwa mkononi mwa fundi, na tuandike si maana ya neno tu bali kipimo, utaratibu na sababu yake. Kamusi ya namna hiyo ingemfaa mwanaisimu, na ingemfaa pia mwenye nyumba aliye Mikindani asubuhi baada ya mvua, akiutazama ufa na kujiuliza aende dukani au aende kwa mzee.