Kupasha Habari na Kuandika Habari: Toka Ngare Nanyuki hata Loliondo

Kiswahili humtenga mpasha habari na mwandishi wa habari. Kitenzi pasha ni kauli ya kutendesha ya pata. Maana yake ni kumfanya mwingine apate. Kazi hiyo haina cheo wala cheti: aliyeona humpasha asiyeona. Uandishi wa habari, kwa upande wake, ni kazi yenye ofisi, mhariri na mshahara. Historia ya nchi iliyo chini ya Mlima Meru yaonyesha kuwa watu hawa wawili wamekuwa wakishindania jambo moja, nalo ni haki ya kuaminiwa.

Katika Novemba 1951 Serikali ya Tanganyika iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki, ili wapewe walowezi wachache wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto, na wenyewe wakatakiwa kuhamia Kingori. Je, nani angeitangaza habari hiyo? Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa gazeti la Serikali ileile iliyotoa amri. Tanganyika Standard, la mwaka 1930, liliandikwa kwa Kiingereza. Kwetu, gazeti alilolianzisha Mwafrika Erica Fiah mwaka 1937, lilikuwa limefikia ukingoni.

Ndipo Wameru walipojipashia habari wenyewe. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Bwana Kirilo Japhet akafika New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Azimio la kutaka ardhi irudishwe lilipita katika kamati ya Baraza Kuu, lakini katika Baraza Kuu lenyewe halikupata theluthi mbili za kura. Ardhi haikurudi wakati ule, ila habari ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Chama chao kiliitwa Meru Citizens' Union, yaani umoja wa raia. Neno raia, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mtu aliye chini ya mtawala. Hapa alisimama akamsemea mtawala mbele ya ulimwengu.

Miaka sabini baadaye, Juni 2022, jambo lenye sura kama hiyo lilitukia Loliondo, katika Mkoa uleule wa Arusha. Serikali ilipoweka mipaka ya kutenga kilomita za mraba 1,500, Wamasai walipiga picha za majeruhi kwa simu zao, nazo zikaenea siku ileile. Askari polisi mmoja aliuawa. Serikali ilikanusha kuwa watu walikuwa wakihamishwa kwa nguvu.

Kati ya picha na kanusho hapana budi awepo mtu wa kupima. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilikwisha kujibu kuwa mtu huyo ni mwenye ithibati, na kanuni za mwaka 2018 zikawataka hata wenye blogu wakate leseni. Lakini tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha, iliamua kuwa vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vikiwamo vya ithibati, vilikiuka Mkataba wa Jumuiya. Sheria ilirekebishwa mwaka 2023, lakini ithibati yenyewe haikufutwa.

Wahenga walinena: lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Methali hii humtetea mpasha habari, na papo hapo humwonya msikilizaji, kwani lililo njiani bado halijafika. Kirilo aliaminiwa si kwa sababu alikuwa raia tu. Alikwenda kwa jina lake, akasimama mahali awezapo kuulizwa, na shauri lake likapangwa na mtu aliyejua sheria. Picha ya simu isiyo na jina, tarehe wala mahali haina ulinzi huo, nayo hukanushwa kwa urahisi hata ikiwa ya kweli. Kazi ya mwandishi wa habari ni kuipatia ulinzi huo: kuuliza, kulinganisha, kutaja mahali. Akiiacha kazi hiyo na kushika cheti tu, atakuwa amerudi katika nafasi ya Mambo Leo, na raia watatafuta tena njia ya kwenda New York.