Njia ya Kurudi Kwenye Chanzo: Tafsiri ya Mashine na Tafsiri ya Mahakama Arusha

Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtunga programu kuwa lugha ya mashine, ni mfasiri asiyechoka, ambaye mtangulizi wake wa mapema alikuwa A-0, mfumo ambao Grace Hopper aliubuni nchini Marekani mwaka 1952, ila ina tabia inayowasumbua mafundi: majina ambayo mtunzi aliyatumia hutupwa pamoja na nambari za mistari, kwa kuwa mashine haiyahitaji. Programu ikikwama, fundi huona anwani tupu ya kumbukumbu, mfano 0x4005d6, asijue ni mstari upi wa msimbo chanzo, yaani maandishi ya asili, uliozaa kosa. Dawa yake ni taarifa za utatuzi, jedwali linalounganisha amri za mashine na faili, mstari na jina zilikotoka; katika kompaila ya GCC huagizwa kwa kistari na herufi moja tu, -g, na mara nyingi huondolewa kabla programu haijasambazwa ili faili liwe dogo.

Arusha ilikutana na tatizo la ukoo huohuo mahakamani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa azimio namba 955 la Novemba 8, 1994, ilikaa katika majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha (AICC), yaliyojengwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Lugha zake rasmi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, ilhali mashahidi wengi walisema Kinyarwanda, hivyo maneno yao yaliwafikia majaji yakiwa yamekwisha kugeuzwa, na pengine kugeuzwa mara mbili.

Hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, iliyotolewa Septemba 2, 1998, inaonyesha majaji wakilitengeneza upya jedwali lililokosekana. Mashahidi walikuwa wametumia gusambanya, kurungora, kuryamana na gufata ku ngufu, na yote manne yalikuwa yakitafsiriwa kwa neno moja la ubakaji. Msomaji wa Kiswahili, anayesikia "kwa nguvu" ndani ya ku ngufu na kuambiwa kwamba kuryamana ni kulala pamoja, atatambua mara moja kwamba hayo si maneno ya uzito mmoja. Mahakama ilibidi iwaulize wakalimani wake rasmi maana ya kila moja na namna lilivyofasiriwa. Kwa maneno kama Inkotanyi, jina la waasi waliopigana na serikali ya Rwanda, na Inyenzi, yaani mende, ilimsikiliza mwanaisimu Mathias Ruzindana, kwa sababu kesi kwa sehemu ilitegemea wasikilizaji wa Taba walielewa nini Akayesu alipowahimiza kupambana na Inkotanyi.

Ulinganisho huu una mpaka wake, na mpaka huo ndio wenye uzito. Programu isiyo na taarifa za utatuzi hujengwa upya kutoka chanzo kilekile, mradi chanzo kimetunzwa, lakini shahidi hawezi kurudishwa kizimbani aseme tena kwa sauti ileile. Kwa hiyo rekodi ya Kinyarwanda ndiyo msimbo chanzo wa kesi hizo, na nakala za Kifaransa na Kiingereza ni matokeo ya kompaila. Mahakama ilifungwa Desemba 31, 2015, na kumbukumbu zake, zikiwamo rekodi za sauti na picha, zinatunzwa Lakilaki, nje kidogo ya jiji la Arusha.