Karanga za Nachingwea na Mashine ya Maji

Mwaka 1946 Waingereza walitumia wiki tisa tu kuikagua Tanganyika, kisha wakaandika Mpango wa Karanga: ekari zaidi ya milioni tatu zilimwe, kuanzia Kongwa na Urambo hata Nachingwea, wilaya yenye Kiegei. Hesabu zilipangwa mara moja juu ya karatasi, mvua kiasi hiki, mavuno kiasi hiki. Mvua zilipokosa Kongwa na visiki vikavunja majembe ya matrekta, karatasi haikuwa na jibu.

Ajabu ni kwamba mwaka 1949, miti ya Nachingwea ikiendelea kung'olewa, Bill Phillips, mzaliwa wa New Zealand, alionyesha mashine ya maji katika London School of Economics. Maji ya rangi yalipita katika mabomba na matangi mfano wa fedha za nchi. Aliyefungua koki ya kodi aliona papo hapo matangi mengine yakipanda au kushuka.

Mwaka 1966, huko MIT, Bert Sutherland alieleza programu za kompyuta zinazochorwa kwa mtindo unaofanana na huo, pasipo maji: kila kisanduku hungoja tarakimu zake zifike, hufanya kazi yake, kisha hupeleka matokeo kwa kisanduku kifuatacho. Tarakimu moja ikibadilika, badiliko hutiririka lenyewe hadi mwisho.

Mpango wa Karanga ulikuwa umekwisha kufutwa Januari 1951, kwa hasara ya pauni zipatazo milioni 36. Reli ya Nachingwea nayo iling'olewa baadaye.