shikiza (ukurasa wa kumbukumbu)

kt [ele] Kufunga ukurasa wa kumbukumbu ya kompyuta mahali pake ili kifaa kisome au kiandike data humo. Picha ni ile ya fundi cherehani ashikizaye kitambaa kwa pini kabla ya kushona.

Matumizi: Kitenzi hiki kisichanganywe na *rejelea*. Data inapopita moja kwa moja baina ya diski na kumbukumbu ya programu, bila kuwekwa kwanza katika akiba ya kerneli, ukurasa haupaswi kuhamishwa wala kupewa programu nyingine kabla kazi haijaisha. Kuurejelea huzuia usiachwe huru. Kuushikiza hutangaza pia kwamba yaliyomo yataguswa na kifaa. Linux ilitenganisha mambo haya mwaka 2020: kwa ukurasa mdogo wa kawaida, rejeleo huongeza 1 katika hesabu yake, shikizo huongeza 1024. Mfasiri akitumia neno moja kwa yote mawili, msomaji hatajua apunguze kiasi gani mwishoni: ukurasa utaachiwa mapema na data kuharibika, au hautaachiwa kamwe.

Mfano: *Kerneli iliushikiza ukurasa, diski ilipomaliza kuandika, kerneli ikauachia.*