Mchuzi wa Kihindi na Elimu ya Kitabu

Katika mwaka wa 1747 kilipigwa chapa mjini London kitabu cha mapishi kiitwacho The Art of Cookery Made Plain and Easy, kazi ya mwanamke mmoja, jina lake Hannah Glasse. Ndani yake mna maelezo ya kupika mchuzi kwa namna ya Kihindi, nayo mara nyingi hutajwa kuwa ya kwanza kupigwa chapa kwa Kiingereza.

Yafaa tuyatazame. Mpishi achukue kuku wawili au sungura, awakate vipande vidogo. Atie vitunguu vidogo vitatu au vinne, punje 30 za pilipili manga, kijiko kikubwa cha mchele, na punje za giligilani zilizokaangwa juu ya moto katika beleshi safi (naam, beleshi), kisha zikapondwa. Chumvi, maji, siagi mwishoni, basi. Hamna manjano wala tangawizi. Hivyo viliingizwa katika chapa za baadaye. Mwanamke wa pwani yetu angeuonja mchuzi huo akauliza mchuzi wenyewe u wapi.

Lakini kumcheka mwandishi si haki. Aliwaandikia watumishi wa jikoni, na upungufu hauko katika hesabu ya viungo. Kitabu chaweza kutaja kipimo na muda; harufu ya bizari nzima inapoiva katika mafuta, kabla haijaungua, haipigiki chapa. Elimu hiyo hupokewa kwa pua, mbele ya jiko, karibu na mtu aijuaye.

Pengo hilo wafanyabiashara waliliona mapema. Mwaka 1784 gazeti la London lilitangaza unga wa viungo uliokwisha kuchanganywa. Tangu hapo nyama, samaki na mboga vikavishwa ladha moja na jina moja, kari. Nadhani hasara hiyo ni kubwa kuliko ya beleshi, maana katika majiko ya Bara Hindi kila kitoweo kina viungo vyake, na kiungo kile kile hutiwa kizima hapa, kikasagwa pale.

Madhur Jaffrey, aliyezaliwa Delhi mwaka 1933, alikwenda London katika miaka ya 1950 kusomea uigizaji, naye hakujua kupika. Akamwandikia mama yake, na majibu yakaja kwa barua za ndege, maelezo mafupi mno. Yalimtosha, kwa kuwa ulimi wake ulikwisha kuijua ladha aliyoitafuta: chakula kilipoharibika, alitambua kimeharibika. Katika kitabu chake cha 1973, An Invitation to Indian Cooking, alililaumu neno kari kwa kuyafunika mapishi mengi chini ya jina moja. Mwaka 1982 BBC ilimwonyesha akipika katika televisheni, na mwanafunzi akaiona kwa macho rangi ya kitunguu kinapogeuka kahawia. Mtumishi wa 1747 alikuwa na ukurasa ule tu.